Harufu Waliyosema ni ya Urwarwa

Sikunywa. Naanza hapo kwa makusudi, kwa sababu mpaka leo wapo watu mtaani Kinama, hapa Bujumbura, wanaonisalimia huku pua zao ziko kazini. Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu, wala ya chupa, wala ya kuonja kwa ncha ya ulimi, wala urwarwa, hiyo pombe ya ndizi ambayo nusura nife kwa jina lake. Nasema nife, na sitii chumvi. Anayetaka kuniambia kwamba yamepita, niyaache, aende akamwambie mwingine.

Mwaka huo nilikuwa nasoma biolojia chuo kikuu, kampasi ya Mutanga, na nilikaa Kinama kwa shangazi yangu, dada yake baba. Wazazi wangu wako Rumonge. Mume wa shangazi, ambaye nilimwita Baba kama watoto wake walivyomwita kabla hawajaoa na kuolewa, ni fundi wa magari, mtu wa swala tano. Akikohoa tu msikitini watu wanageuka kuona kama ana la kusema. Hapandishi sauti, na neno lake nyumbani halirudiwi. Aliponikubalia nikae kwake alinipa sharti moja tu, nisimtie aibu. Niliona ni sharti jepesi.

Ukuta wetu wa nyuma ulipakana na mama mmoja Mkristo, mpika urwarwa. Wateja wake walianza kuimba kabla adhana ya magharibi haijaisha. Baba alishamlalamikia mpaka akachoka, na yule mama alishamjibu mpaka akachoka, sasa walikuwa wakipishana njiani kama watu wasio na macho. Sisi wa nyumbani tulikatazwa hata kuchungulia upande ule. Mi sikuwa na haja ya kuchungulia. Nilikuwa na njaa.

Njaa yangu ilikuwa ya ajabu. Ugali na maharage, dagaa tunaowaita ndagala na mchicha wa lengalenga, mihogo iliyobaki jana, nilikuwa nafagia vyote. Shangazi, ambaye anapenda kuona mtu anakula, alicheka mpaka akafuta macho. "We mutoto, uko na matumbo ngapi?" Nami nikacheka, nikaongeza. Lakini sketi zilikuwa zinanidondoka. Nilizifunga kwa pini, kisha pini nayo ikatafuta nafasi nyingine. Mashavu yaliingia ndani. Na kiu! Nilikunywa maji nikiwa nimeinama bombani, nikinyanyuka tu natamani kuinama tena, halafu nakimbilia choo, halafu narudi bombani. Kila mtu alikuwa na jibu moja tu, miguu. Mafuta ya magari yalikuwa yamekosekana mjini, mabasi yalilala, na nusu ya Bujumbura ilikuwa inatembea. Kutoka Kinama kwenda Mutanga kwa miguu, na jua lile, nani hatakonda? Hata mimi nilijipa jibu hilo.

Na sasa sikiliza maskhara ya dunia. Mwezi huohuo ndio profesa alitufundisha namna seli hai inavyotoa nguvu kwenye chakula. Nilikaa mbele, kichwa kinaniuma, chupa ya maji mapajani, nikiandika kila neno.

Somo lenyewe ni rahisi kuliko profesa alivyolifanya. Ugali unaoumeza unavunjwa tumboni mpaka unakuwa sukari ndogo, glukosi, na glukosi inaingia kwenye damu, na damu inaizungusha kila pembe ya mwili. Ndani ya seli glukosi inakatwa vipande viwili, na hapo seli inapata nguvu kidogo, ya kuanzia tu. Kisha vile vipande vinaingia katika vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, na humo, kwa oksijeni uliyoivuta kwa pua, vinavunjwa hatua kwa hatua mpaka vinabaki maji na hewa ya kaboni. Moto hauonekani, lakini ni kuungua kulekule, kumefanywa kwa upole ili usiungue wewe. Nguvu inayotoka inafungwa kwenye molekuli ambayo profesa aliiita kwa Kifaransa a-té-pé, yaani ATP, na hiyo ndiyo msuli unaitumia kunyanyua mguu na moyo unaitumia kupiga. Hewa unayoitoa puani ni majivu ya chakula chako. Nililipenda somo hilo, silifichi. Nilitoka darasani nikijiangalia mikono kama mgeni.

Akatuambia pia habari za pombe. Ile chachu inayogeuza maji ya ndizi kuwa urwarwa nayo ni hai, nayo inataka nguvu. Ukiifungia ndani ya pipa pasipo hewa, inakata glukosi vipande viwili, inachukua kile kidogo cha kuanzia, na mabaki inayatupa nje yakiwa pombe. Haiwezi kwenda mpaka mwisho. Nilicheka peke yangu nikimfikiria jirani yetu anayeuza takataka za vijidudu kwa bakuli na watu wanaziimbia.

Kicheko kilikatika haraka. Asubuhi moja nilimsogelea Shangazi kumpa salamu, akavuta uso wake nyuma. Akaninusa. Akaninusa tena, safari hii kwa makusudi, kama anayenusa maziwa ya jana.

"Umekula nini?"

"Sijala bado, Shangazi."

Siku hiyo macho yake yalinifuata mpaka mlangoni. Mi mwenyewe nilishaisikia ladha hiyo mdomoni, tamu mbaya, ya tunda lililopitiliza. Nilipiga mswaki mpaka ufizi ukatoa damu. Ladha ilibaki. Kesho yake nilitapika uani, nikashika ukuta ili nisianguke, na ukuta nilioushika ulikuwa uleule wa nyuma, wa jirani. Macho yangu yalikuwa mekundu. Ulimi ulikuwa mzito. Baba alikuwa anatoka kwenda kazini, akasimama, akaniangalia mimi, akauangalia ukuta.

Uwaelewe, maana mimi nilijaribu kuwaelewa na bado nina hasira. Harufu ya ndizi zilizochacha. Kuyumba. Kutapika asubuhi. Kiu ya kuamka nayo. Katika nyumba ya Kiislamu iliyopakana na pipa la urwarwa, kesi ilikuwa imeshakatwa, bado kumwita mshtakiwa tu. Shangazi aliacha kucheka nikila. Akaanza kunizuia maji. "Mutu mwenye kuamkaga na kiu hivyo, tunamujua," alisema, akabeba mtungi akaufungia chumbani kwake. Shangazi yangu huyo, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nikaenda bombani, nikakuta bomba limekauka kama linavyokauka Kinama siku mbili kwa tatu. Nililia kwa kiu, na machozi hayakutoka.

Waliniita mbele yao baada ya swala ya alasiri. Baba alikuwa amekaa sebuleni na wazee wawili wa msikitini, kofia zao safi, na Shangazi alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilikaa chini. Pumzi yangu ilikuwa inakwenda kwa nguvu, ndefu, ndefu, kama nimetoka kukimbia, na sikuwa nimetoka popote. Mzee mmoja aliziba pua kwa ncha ya kanzu yake. Sijamsahau.

"Hatukuiti kukuua," Baba alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Kila mwanadamu anateleza. Sema umekunywa, utubu mbele ya hawa wazee, tukufungie chumba cha nyuma upumzike mpaka ikutoke. Kisha utarudi chuoni, na neno hili litaishia hapa. Ukikataa, kesho unarudi Rumonge kwa baba yako, naye nitamwambia kwa nini."

Kilikuwa kitu kidogo walichotaka, neno moja. Na mimi, Mungu ananijua, nilitaka sana kulala. Nilikuwa tayari kuuza kila nilichonacho ili nilale mahali popote, kwenye mkeka, kwenye udongo, alimradi niachwe. Kichwa kilikuwa kinaelea. Ningesema tu neno hilo, wangenifungia mlango kwa huruma, wangeniacha nilale.

"Apana, Baba," nikasema. "Mi sikunywa."

"Pua yangu ina wazimu?"

"Sijui pua yako. Mi sikunywa."

"Astaghfirullah!" Shangazi alishika kichwa. "Unamjibu Baba yako hivyo? Hiyo si pombe inaongea?"

"Ni mimi naongea. Sikunywa. Ninaumwa."

Mzee wa kanzu puani akasema kwamba walevi wote husema wanaumwa. Wa pili, ambaye alikuwa na haki kidogo moyoni, akasema basi aitwe huyo muuza pombe, aulizwe. Baba hakupenda, lakini ushahidi ni ushahidi. Shangazi akatoka, na tulimsikia akibisha mlango ambao miaka yote hakuna aliyeubisha kutoka kwetu.

Jirani aliingia na kanga yake ya kazini, imelowa maji ya ndizi, mikono kiunoni. Alipoelezwa, aliwaka.

"Mi? Niuzie mutoto wa kwenu? Nimekaa hapa nyuma ya swala zenu miaka yote, watu wa kwenu siwauziagi, hata wale wanaokuja wamevua kofia wakifikiri siwajui!" Hapo mzee wa kanzu akaanza kuangalia dari. "Na leo mnaniita mwizi wa watoto?"

"Hakuna aliyekuita mwizi," alisema Baba. "Jibu tu swali."

Badala ya kujibu alinigeukia. Nilikuwa nimeegemea ukuta, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka. Aliponiona vizuri hasira yake ilibadilika ikawa hofu, na hofu ikarudi tena kuwa hasira.

"Imana yanje, Mungu wangu! Huyu mutoto anakufa. Akifa hapa mutasema nini? Mutasema urwarwa wangu umemuua! Watakuja kumwaga mapipa yangu, wanifunge! Apana. Simama, we. Tunakwenda kwa daktari apime, ajue ni nini kiko ndani ya tumbo lako, mi nipate amani."

Baba alisimama. Nilikuwa sijawahi kumwona akisimama kabla ya wageni wake. "Ukitoka mlango huu na mwanamke huyu," aliniambia, "usirudi."

Sikuwa na nguvu za kusimama, lakini nilisimama. Nilishika mlango, nikashika bega la jirani, kanga yake ikazitia nguo zangu zote harufu ya pombe, na nikatoka. Sikumwangalia Shangazi. Nilijua nikimwangalia nitakaa.

Hapakuwa na gari, mafuta nimeshasema. Kulikuwa na baiskeli ya mchukuzi, ilikuwa imetoka tu kumletea jirani maji ya ndizi, na mchukuzi mwenyewe bado anafungua kamba. Jirani aliyateremsha mabidoni, madumu mawili ya njano, akaniweka mahali pake. Ndivyo nilivyopita katikati ya Kinama saa ya jioni, watu wote barabarani, binti wa nyumba ya Kiislamu na mtandio wake kichwani, juu ya baiskeli ya pombe, muuza pombe akinishika kiuno kwa nyuma na kupiga kelele, "Tupisheni! Hakunywa! Nasema hakunywa!" Walionisikia nanuka walikuwa wachache. Baada ya kelele zake, mtaa mzima ulijua.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliniinamia, akanusa, akauliza lilelile. Kalewa? Jirani aligonga meza. "Pima!" Muuguzi alinitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijimashine chake, na mashine ikakataa kutoa namba. Ilisema tu kwamba sukari ni ya juu kuliko inavyoweza kupima. Muuguzi akaacha dharau palepale. Alianza kukimbia. Wakanitafutia gari la wagonjwa, na kutoka hapo nakumbuka vipandevipande tu: taa, sindano, maji yakidondoka kwenye mpira na kuingia mkononi mwangu, na mimi nikiuonea wivu mkono huo kwa sababu ulikuwa unapewa maji badala ya mdomo.

Nilipoweza kusikia, daktari alinieleza, na nilimwelewa kabla hajamaliza, na kuelewa kulinitia uchungu. Glukosi haiingii kwenye seli nyingi za mwili hivihivi. Inahitaji insulini, inayotengenezwa na kongosho, ili mlango ufunguliwe. Mwili wangu wenyewe, kwa ujinga wake, ulikuwa umezishambulia seli zinazotengeneza insulini ukazimaliza. Ugali wote ule, maharage yote yale, yaliishia kwenye damu. Damu yangu ilijaa sukari mpaka figo zikawa zinaitupa pamoja na maji, ndiyo kiu, ndiyo choo. Na seli zilikaa gizani zikilia njaa. Ini likaona njaa hiyo, likaanza kuunguza mafuta ya mwili kwa fujo, na mabaki yake ni asidi kwenye damu, na moja ya mabaki hayo hutoka kwa pumzi na kunuka kama tunda lililochacha. Ile pumzi ndefu ilikuwa mapafu yanajaribu kuitupa nje asidi. Kisukari, alisema daktari, aina inayowapata vijana. Nitajidunga insulini maisha yangu yote, na nitaishi.

"Na ningelala?" nilimuuliza. "Wangenifungia chumbani nipumzike?"

Aliangalia chini kidogo. "Usingeamka," alisema.

Kwa hiyo msiniambie kwamba ukaidi ni tabia mbaya ya msichana. Nimeambiwa hivyo tangu nijue kusema, na walioniambia ndio walionishikia mlango wa kaburi wazi kwa upole kabisa.

Jirani alikaa pembeni ya kitanda mpaka akasikia yote, akamtaka daktari arudie, akatoka. Nilimshukuru. "Usinishukuru," alisema. "Sikukusaidia wewe. Nilisaidia biashara yangu." Na alikwenda kweli, akatangaza Kinama nzima kwamba daktari amesema si urwarwa, kwa sauti ambayo hata muadhini hana.

Shangazi alikuja na bakuli la mchuzi limefungwa kitambaa, na alipofika hakujua pa kuliweka. Alisimama tu. Nilimwambia akae. Aliuliza jambo moja. "Ulikuwa unakula kuliko sisi wote. Nilikuwa nakuona. Kilikuwa kinaenda wapi?"

Nilimwambia, "Shangazi, fikiria gunia la makaa liko mlangoni kwako, limejaa, na jiko lako liko ndani limezima, na mlango umefungwa kwa nje. Makaa unayo. Utapika?"

Akafikiri. Ni mwanamke anayepika tangu ana miaka saba, hakuhitaji zaidi. Uso wake ulikunjamana taratibu. "Kumbe ulikuwa na njaa," alisema. "Kula kwote kule, ulikuwa na njaa. Na mimi nikakunyima na maji." Alilia mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amekufa. Sikumnyamazisha. Nilimpenda, na sikumnyamazisha.

Walinirudisha nyumbani. Yale maneno ya usirudi hayakutajwa tena, kana kwamba yalisemwa na upepo. Lakini siku ya kwanza nilipoweza kukaa sebuleni, wale wazee wawili walikuja, na Baba akakaa nao, na Shangazi akakaa kwenye mkeka.

"Tumemshukuru Mungu kwa uzima wako," Baba alisema. "Ilikuwa maradhi, tumeambiwa. Lakini watu wamekuona juu ya baiskeli ile, mikononi mwa mwanamke yule. Maneno yako nje. Sema tu toba mbele ya wazee hawa, tuwaambie watu imesemwa, yaishe. Astaghfirullah. Neno moja. Sisi wote tunalisema kila siku. Litakupunguzia nini?"

Alikuwa anasema kwa wema. Hilo ndilo lililonichemsha.

"Nalisema kila siku, Baba," nikamjibu. "Nalisema kwa madhambi yangu, ninayoyajua mimi na Mola wangu. Kwa hili, apana. Mi nilikuwa na njaa. Siwezi kutubia njaa."

"Kwa hiyo aibu hii abebe nani?"

"Aliyeninusa akasema ameshajua."

Mzee wa kanzu alivuta pumzi kama amechomwa sindano. Nilifikiri sasa kweli natolewa, na nilikuwa nimeshahesabu kichwani nguo nitakazobeba na dawa yangu itakaa wapi isipate joto. Halafu nikasikia sauti kutoka kwenye mkeka, ndogo, ya mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hajawahi kuzungumza kabla ya mumewe mbele ya wageni.

"Astaghfirullah," alisema Shangazi. Akainua uso, akaniangalia mimi, si wao. "Naomba toba mimi. Kwa huyu mutoto."

Baba alimgeukia mkewe. Akavaa viatu akaenda msikitini kabla ya wakati.

Yeye neno hilo la toba hajalisema mpaka leo. Bado nakaa kwake, karibu namaliza masomo, na asubuhi najidunga sindano yangu palepale mezani anapokunywa chai, sijifichi. Kisha nampa salamu kamili, namtazama usoni, na simshushii macho mpaka ajibu.